Kabla Hujasema "Tupa"

Somo la wiki: Mambo ya Walawi 14:33-48



Kwa mitaa tunayoishi, moto si habari ya mbali. Nairobi bado inakumbuka Sinai, kule Mukuru, tarehe 12 Septemba 2011. Inakumbuka Mradi, Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lilipolipuka. Gikomba nayo imeungua mara nyingi. Halafu kuna ile mioto midogo isiyofika kwa taarifa ya habari: stima imeshika kwa ploti, mshumaa umeanguka, jiko limeachwa na mtoto. Chumba kimoja, vyumba viwili, wakati mwingine mstari mzima wa mabati.

Leo nataka tuzungumze juu ya kesho yake asubuhi. Moto umezimwa. Watu wote wametoka salama na tumeshukuru Mungu. Kanisa limefika na wilbaro, reki na glavu, kila mtu ana nia njema. Mmoja wetu anainua sufuria nyeusi kama makaa na kuuliza, "Hii si tutupe?" Na mara nyingi anayejibu si mwenye sufuria. Ni mimi, ni wewe, ni kijana aliyeshika wilbaro.

Swali langu ni hili: nani ana haki ya kuamua kwamba kitu cha mtu mwingine kimekuwa takataka? Linaonekana swali dogo. Lakini naamini namna tunavyolijibu inaonyesha kama tumeenda kumsaidia ndugu yetu au tumeenda kumalizia kazi ambayo moto uliianza.

"Ni vitu tu"

Neno la kwanza ambalo aliyeunguliwa husikia kutoka kwetu ni hili: "Shukuru Mungu uko hai, hivyo vingine ni vitu tu." Tunalisema kwa upendo, na lina ukweli ndani yake. Katika Luka 17:31 Bwana anamzungumzia mtu aliye juu ya dari na vyombo vyake viko ndani ya nyumba; anamwambia asishuke kuvichukua. Moto ukiwaka, hiyo ndiyo sheria. Toka. Usirudi kwa sababu ya simu, usirudi kwa sababu ya televisheni, usirudi hata kwa sababu ya vyeti vya shule. Hakuna kitu ndani ya nyumba kinacholingana na uhai wako.

Shida yetu ni kwamba tunalibeba neno la saa ya moto mpaka saa ya majivu. Kuna saa ya kuviacha vitu na kuna saa ya kuviokota.

Soma pia Waebrania 10:34. Pale tunaambiwa juu ya waamini walionyang'anywa mali zao wakakubali kwa furaha. Ni ushuhuda mkubwa sana. Lakini angalia ni furaha ya nani: ni ya wale wale walionyang'anywa. Hakuna jirani aliyesimama kando, mali yake ikiwa salama nyumbani, akafurahi kwa niaba yao. "Ni vitu tu" ni ushuhuda ukitoka kwa mdomo wa aliyepoteza. Ukitoka kwa mdomo wangu mimi ambaye jioni nitalala kwa godoro langu, unaweza kuwa kofi.

Na mtu asidhani kwamba mtu wa kiroho hajali vitu. Paulo, akiwa kifungoni, akijua wakati wake wa kuondoka umekaribia, anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Mtume aliyehesabu yote kuwa hasara kwa ajili ya Kristo bado alikumbuka joho lake, na alikumbuka hata jina la mtu aliyemwachia.

Hesabu inayodanganya

Nilisoma biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na huko kuna njia ya kupima vitu. Unaandika kitu kilinunuliwa kwa pesa ngapi, kila mwaka unapunguza kiasi fulani kwa sababu ya uchakavu, na kikifika sifuri unakifuta kwenye vitabu. Ni njia nzuri kwa kampuni. Kwa nyumba iliyoungua inaweza kukupoteza kabisa.

Kwa hesabu hiyo, picha ya harusi ni sifuri. Hakuna mtu atainunua. Kijitabu cha kliniki cha mtoto ni karatasi. Daftari la chama nalo ni karatasi. Lakini daftari likipotea, wamama ishirini hawajui tena nani ametoa ngapi, na urafiki wa miaka kumi unaweza kuvunjika kwa wiki moja. Chukua cherehani. Mbao zake zimeungua, mkanda umeyeyuka, chuma kimekuwa cheusi. Ukiiangalia utasema ni skrapu. Lakini mwili wa cherehani nyingi za zamani ni chuma kizito, na kama joto halikuupinda, fundi anaweza kuusafisha, autie mafuta, abadilishe mkanda na mbao. Mara nyingine fundi atasema imeisha. Sawa. Lakini wacha fundi aseme, na mwenye cherehani asikie.

Upande wa pili, televisheni iliyo chumba cha mbali na moto inaonekana nzima kabisa, ilhali masizi yameingia ndani, na ukiiwasha inaweza kuharibika palepale. Kwa hiyo macho yanadanganya pande zote mbili. Kinachoonekana kimekufa huenda kiko hai, na kinachoonekana kizima huenda kimeisha.

Mabaki ni ya nani?

Katika bima kuna kanuni moja ambayo imenifundisha kitu kuhusu jambo hili. Kampuni ikikulipa thamani kamili ya kitu kilichoharibika, mabaki ya kitu hicho yanakuwa mali ya kampuni. Gari lako likiungua ukalipwa lote, lile gofu si lako tena. Kampuni inaweza kuliuza. Kwa nini? Kwa sababu imelipa. Haki juu ya mabaki inamfuata aliyebeba hasara.

Sasa twende kwa ploti. Majirani zetu wengi hawana bima ya vitu vya nyumbani. Hakuna aliyewalipa chochote. Hasara yote wameibeba wao wenyewe. Basi kwa kanuni hiyo hiyo, kila kilichobaki kwenye majivu ni chao, mpaka msumari wa mwisho. Mimi ambaye sijalipa hata shilingi moja, nikichukua kitu chao na kukitupa bila kuwauliza, nimetumia haki ambayo sina. Nia yangu njema haibadilishi hilo.

Hapo ndipo tunaelewa ukali wa Obadia 1:13. Edomu anakemewa kwa sababu aliingia langoni siku ya msiba wa ndugu yake na akaweka mkono kwenye mali zao. Tunajua jambo hili mitaani. Kabla majivu hayajapoa, kuna mtu amefika kukusanya mabati na vyuma akauze kwa kilo. Tunamwita mwizi, na ni kweli. Lakini tujiulize, wapendwa: kwa mwenye nyumba, kuna tofauti gani kati ya sufuria iliyobebwa na mtu wa skrapu na sufuria iliyobebwa na wilbaro la kanisa mpaka shimo la taka? Zote mbili zimeondoka, na hakuna aliyemuuliza.

Kuhani alivyoingia

Sasa fungua Walawi 14. Ile si habari ya moto. Ni habari ya pigo la ukoma kwenye kuta za nyumba. Lakini inatuonyesha jinsi mtumishi wa Mungu anavyoingia kwenye nyumba iliyoharibika, na mpangilio wake ni wa ajabu.

Kwanza, mwenye nyumba ndiye anayeenda kumwambia kuhani. Habari inaanzia kwake. Pili, kabla kuhani hajaingia kukagua, anaamuru vitu vyote vitolewe nje, ili visije vikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Simama hapo kidogo. Sheria ya Mungu mtakatifu inatafuta njia ya kuokoa vyombo vya mtu kabla hukumu haijatolewa! Tatu, akiona alama mbaya hatoi uamuzi siku hiyo hiyo. Anaifunga nyumba siku 7, halafu anarudi kuangalia. Nne, ikiwa pigo limeenea, mawe yenye pigo yanatolewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa na kupakwa upya. Na tano, likirudi baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa.

Mnaona? Kuna kusafisha, kuna kusubiri, na kuna kutupa. Na kutupa kunakuja mwisho. Sisi huwa tunaanza nako.

Marundo matatu

Basi siku tukienda kumsaidia ndugu aliyeunguliwa, tuweke marundo matatu, na mwenye nyumba akae kwa kiti katikati yake. Sisi tunabeba, yeye anaonyesha kidole.

Kabla ya yote, tusiingie mpaka zimamoto au mtu mwenye ujuzi aseme paa na kuta haziwezi kuanguka, na stima iwe imekatwa kabisa. Tuvae gumbuti, glavu na maski, maana majivu ya nyumba ya siku hizi yana plastiki, rangi na misumari. Watoto wakae mbali. Tupige picha kila chumba kabla ya kugusa kitu. Na mtu mmoja amsindikize mwenye nyumba kituo cha polisi akaandikishe hasara apate abstrakti, kwa sababu huenda akaihitaji akifuata karatasi zake.

Rundo la kusafisha. Hapa tunaweka sufuria za chuma ambazo hazijapinda, glasi na vikombe visivyo na ufa, mbao ngumu, na nguo zilizopatwa na moshi tu. Wengi hukimbilia maji, na hapo ndipo wanaharibu. Masizi ya moto wa nyumba mara nyingi yana mafuta ndani. Ukiyamwagia maji kwanza, yanazama kwenye nyuzi za nguo na doa halitoki. Anza kavu. Kung'uta nguo nje, zipige kwa brashi laini bila kusugua, halafu ndio ufue kwa sabuni ya unga. Rudia mara mbili, hata tatu. Siki kidogo kwenye maji ya kusuuza inasaidia kupunguza harufu. Usipige pasi kabla harufu haijaisha, maana joto linaikaza ndani. Sufuria zinasuguliwa kwa sabuni na maji moto mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Rundo la kusubiri. Hapa ni simu, redio, televisheni na cherehani. Visiwashwe wala kuzungushwa mpaka fundi aangalie. Hapa pia ni karatasi na picha zilizolowa maji ya kuzima moto. Zitandazwe kivulini penye hewa, kila moja peke yake. Zilizogandana zisivutwe kwa nguvu. Kama leo hakuna nafasi, ziwekwe kwenye mfuko safi ndani ya friza ya jirani. Baridi itazizuia zisioze mpaka mpate muda. Noti zilizoungua nusu zisikunjwe wala kubandikwa; ziwekwe kwenye bahasha ngumu, kwa sababu Benki Kuu ya Kenya ina utaratibu wa kukagua noti zilizoharibika. Na cheti cha mtihani kikiwa kimekwisha kabisa, KNEC nao wana utaratibu kwa aliyepoteza. Kitu kisichojulikana hatima yake kinakaa hapa. Pia kitu ambacho mwenye nyumba hawezi kukiangalia leo kwa sababu ya machozi kinakaa hapa. Kuhani alisubiri siku 7; na sisi tunaweza.

Rundo la kutupa. Na hapa lazima niseme ukweli, hata kama unauma. Unga, mchele, sukari na chochote kilichokuwa kwenye pakiti ya karatasi au plastiki, kikipata joto au moshi hakiliwi. Hata chupa ya kufungwa kwa kifuniko, moshi unaweza kupita kwenye nyuzi za kifuniko. Mikebe iliyovimba au iliyopata joto kali, hapana. Dawa zote, hapana, hasa za kisukari na presha ambazo mtu hunywa kila siku. Joto linaziharibu bila kubadilisha sura. Vyombo vya plastiki, chupa za mtoto, sufuria za kupakwa ambazo ngozi yake imeanza kutoka, hapana. Godoro la sponji lililojaa moshi haliwezi kusafishika ndani. Na mtungi wa gesi uliopitia moto usiunganishwe tena wala kutupwa shimoni. Muuzaji aitwe auchukue.

Ukisema "tupa", leta kingine

Sasa najua kuna mtu anauliza, "Pasta, umesema mwenye nyumba ndiye aamue. Akiamua kubaki na ule unga? Akiamua kulaza watoto kwa godoro la moshi?"

Ni swali zuri, na ndilo zito kuliko yote. Jibu langu lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: haki ya mtu juu ya mali yake inafika mwisho pale madhara yanapomwangukia mwingine ambaye hakuulizwa. Mtoto hakuulizwa kuhusu lile godoro. Mteja wa chapati hakuulizwa kuhusu ule unga. Majirani wa ploti hawakuulizwa kuhusu ule mtungi. Hapo upendo hauwezi kunyamaza kwa heshima. Lazima tuseme, kwa upole lakini wazi: "Mama, hii haitumiki."

Sehemu ya pili ndiyo tunayoiruka. Yule mama si mjinga. Anajua unga unanuka moshi. Anaushikilia kwa sababu hana mwingine. Ukimwondolea ule unga ukaenda zako, umemfundisha afya na umemwacha na njaa. Rudi kwa kanuni yetu: haki juu ya mabaki inamfuata aliyelipa. Ukitaka kuwa na sauti juu ya unga wake, njoo na unga. Ukitaka godoro liende, fika na godoro. Ukisema dawa zitupwe, mpeleke leo hii hospitali au kwa duka la dawa azipate upya, usimwambie tu "utanunua zingine". Neno "tupa" lina bei, na anayelitamka ndiye anayepaswa kuilipa. Kama huwezi kulipa peke yako, ndio maana Mungu alikuweka kwenye kanisa. Harambee ianze pale pale, simu zitolewe, kabla wilbaro halijaondoka.

Yakobo 2:15-16 inazungumza juu ya ndugu aliye uchi na mwenye njaa, ambaye anaambiwa maneno mazuri ya kumuaga bila kupewa mahitaji ya mwili. Yakobo anauliza yanamfaa nini. Nami naongeza: yule ndugu angalau hakunyang'anywa kitu. Sisi tukitupa bila kuleta, tumemwacha chini kuliko tulivyomkuta.

Na kile tunacholeta kiwe kizuri. Msiba wa jirani usiwe nafasi yetu ya kusafisha kabati. Nguo ambayo huwezi kumvalisha mtoto wako Jumapili, usimpelekee mtu ambaye jana alikuwa na nguo nzuri kuliko hiyo.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne kwa kila ushirika wa nyumbani. La kwanza, kila ushirika uwe na sanduku la siku ya moto: glavu, maski, brashi laini, sabuni ya unga, bahasha ngumu, kalamu na daftari la kuandika kila kitu kinachookolewa. Gharama yake ni ndogo mkichanga wote. La pili, vijana wapange zamu ya kulinda usiku wa kwanza, ili Edomu asipate mlango. La tatu, pawe na siku ya kufua, kila mtu na karai lake na mtungi wa maji, kwa sababu maji ya ploti yananunuliwa na aliyeunguliwa hawezi kuyamudu. La nne, achaguliwe mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kukaa na mwenye nyumba tu. Asibebe kitu. Amuulize, "Hii ilikuwa nini?" kisha asikilize jibu lote.

Maana kuna vitu havitasafishika na mwenyewe atavitupa kwa mkono wake. Wacha avitupe yeye. Kuna tofauti kubwa kati ya kunyang'anywa mara ya pili na kuachilia. Moto haukumuuliza. Sisi tumuulize.

Tuombe: Baba, wewe uliyejali vyombo vya nyumba iliyopatwa na pigo, tufundishe kuingia kwa upole kwenye nyumba za wenzetu zilizoungua. Utupe macho ya kuona kilicho hai ndani ya majivu, kinywa cha kusema ukweli, na mkono usioenda mtupu. Wafariji wote waliopoteza mwaka huu. Kwa jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ukipoteza nyumba leo, ni kitu gani ambacho hakina bei sokoni lakini ungekitafuta kwanza?
2. Tulipomsaidia mtu mara ya mwisho, nani alikuwa anaamua?
3. Katika ushirika wetu, tukilazimika kumwambia jirani "tupa", tuko na nini cha kuleta?